Jinsi ya kuandaa historia ya uchaguzi wa halmashauri ya wilaya ya England: mfano wa Mid Suffolk

Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura huko, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Wengi hufuatilia ubunge, udiwani wakaupa kisogo. Mimi hukusanya matokeo ya udiwani wa vijijini, na kazi hii ina mitego yake. Nitatumia Mid Suffolk, wilaya ya mashamba na miji midogo mashariki mwa England. Mwaka 2023 ndiyo iliyokuwa halmashauri ya kwanza Uingereza kuwa na wingi wa madiwani wa chama cha Green.

Hatua ya 1: Anzia 1973

Wilaya ilianza kazi rasmi tarehe 1 Aprili 1974, lakini madiwani wake wa kwanza walichaguliwa Juni 1973. Karibu mwaka mzima walikaa kivulini, huku halmashauri za zamani zikimalizia muda wao. Hizo zilikuwa tano: Eye, Stowmarket, Gipping, Hartismere na Thedwastre. Matokeo yao ya kabla ya 1973 yawekee jedwali jingine. Baada ya hapo uchaguzi ulifanyika 1976 na 1979, kisha kila miaka minne kuanzia 1983.

Hatua ya 2: Jumla ya viti iwe na safu yake

Usiandike viti vya chama bila jumla ya viti pembeni. Baraza lilikuwa na viti 40 hadi mipaka ya kata ilipochorwa upya, na uchaguzi wa 2019 ukagombewa kwa viti 34. Chama kinaweza kupungukiwa diwani mmoja au wawili bila kupoteza nguvu yoyote. Kata nazo zisikuhadae: jina linaweza kubaki lilelile huku vijiji vyake vimehamishwa.

Hatua ya 3: Hesabu kura kwa uangalifu

Hapa ndipo nilipoharibu jedwali langu la kwanza. Kuna kata zenye madiwani wawili au watatu, na mpiga kura ana kura nyingi kama viti. Chukua mfano wa kubuni: watu 1,000 katika kata ya viti viwili wanaweza kutoa kura 2,000. Chama kilichosimamisha wagombea wawili kitaonekana kikubwa maradufu kuliko kilichosimamisha mmoja, hata kama wafuasi wao wanalingana. Mimi huchukua kura za mgombea aliyeongoza kwa kila chama katika kata, halafu ndipo natafuta asilimia. Si njia pekee, ila ukiichagua itumie miaka yote.

Mtego mwingine ni kupita bila kupingwa. Kata isiyopigiwa kura haina hata kura moja ya kujumlisha, ingawa pengine hapo ndipo ngome ya chama ilipo. Iwekee alama, usiandike sifuri. Na wagombea binafsi (Tanzania sheria hairuhusu, huko ni kawaida) usiwajumlishe kama chama kimoja. Huyu na yule huenda hawakubaliani hata juu ya taka.

Hatua ya 4: Tofautisha kuongoza na kuwa na wingi

Mwaka 2019 Conservative walipata viti 16, Green 12, Liberal Democrats 5 na mgombea binafsi 1. Conservative waliongoza, lakini wingi ulihitaji viti 18, kwa hiyo safu ya wingi andika "hakuna". Jumlisha sasa Green na Liberal Democrats: 17, nusu kamili ya baraza. Kura zikilingana kikaoni, mwenyekiti ana kura ya pili ya kuamua, na ndiyo maana jina la mwenyekiti nalo lina nafasi katika jedwali langu. Mwaka 2023 hesabu ilikuwa nyepesi: Green 24, Conservative 6, Liberal Democrats 4.

Hatua ya 5: Chaguzi ndogo na jirani

Uchaguzi mdogo na kuhama chama viandike chini ya jedwali kuu, pamoja na tarehe. Kisha hakikisha hujanakili namba za Babergh, wilaya jirani. Wilaya hizi mbili zina watumishi wa pamoja na ofisi zao ziko Ipswich, nje ya zote mbili. Lakini mabaraza ni mawili: katika kura ya maoni ya 2011 Mid Suffolk walikubali kuungana, Babergh wakakataa.