Namna ya Kujenga Boksi la Sabufa kwa Faiba katika Kona ya Buti

Boksi la faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa kiowevu cha kemikali kiitwacho resini, hulizidi la mbao kwa jambo moja kubwa: hufuata mikunjo ya bodi ya gari, hivyo kona iliyo nyuma ya tairi la nyuma, ambayo kwa kawaida hukaa tupu au kuwekwa matambara, hupata kazi huku sakafu ya buti ikibaki kwa ajili ya mizigo. Mwongozo huu unahusu boksi lililozibwa kabisa, lisilo na bomba la hewa, kwa sabufa moja ya inchi 10. Boksi la bomba hudai ujazo wake na vipimo vya bomba vipatane kwa karibu sana, na ujazo wa umbo lililopindapinda namna hii haujulikani kwa uhakika mpaka liwe limekwisha kujengwa. Kwa hiyo sioni sababu ya anayeanza kujitwika mzigo huo.

Kabla ya kununua chochote, soma karatasi ya maelezo ya sabufa yako uone inataka ujazo gani. Nyingi za inchi 10 huridhika na kati ya lita 17 na 28 katika boksi lililozibwa. Ongeza nafasi itakayoliwa na sumaku pamoja na fremu yake, kisha ulenge juu kidogo ya hapo, kwa maana boksi lililozidi hupunguzwa kwa kugundisha vipande vya mbao ndani, ilhali lililopungua halina dawa. Hakikisha pia kwamba tairi la spea na jeki vitatoka bila kuling'oa.

Mkeka wa faiba unaofaa ni ule wa gramu 450 kwa mita ya mraba, na mikoa ya pwani hupatikana kwa wanaowauzia vifaa mafundi wa boti. Kila tabaka lake huacha unene wa takriban milimita 1, nasi tunahitaji milimita 5 au 6. Kwa boksi lenye eneo la mita 1 ya mraba, matabaka matano hula mkeka wa kilo 2 na robo, na resini ya poliesta mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito huo.

Hadina, yaani kiowevu cha kugandisha resini, ndiyo inayowashinda wengi. Kipimo chake ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam asilimia 1 hutosha. Kwa nusu lita ya resini, vuta mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake, kisha koroga taratibu ukikwangua pembeni na chini ya kopo. Usikadirie kwa macho: ikizidi, mchanganyiko huchemka, hupasuka, na kopo lililojaa laweza hata kushika moto. Tone moja jichoni laweza kupofusha, kwa hiyo miwani ya kazi huvaliwa kabla ya kufungua chupa. Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha, ukiwa na glavu na barakoa ya kuchuja mvuke wa kemikali, kwani ile ya kitambaa haizuii mvuke wa resini.

Toa kapeti ya kona, kisha bandika tepu ya karatasi matabaka mawili yanayokatizana, ukivuka mipaka ya eneo la kazi kwa upana wa kiganja. Juu yake weka foili na uipake nta. Tandaza nailoni kila mahali pengine, maana resini ikidondokea kiti haitoki. Pakaza resini, laza vipande vya mkeka vilivyochanwa kwa mkono, kwa kuwa kingo zilizochanika huungana vizuri kuliko zilizokatwa kwa mkasi, na uvigonge kwa ncha ya brashi mpaka weupe wote upotee. Panapobaki peupe pana hewa. Weka matabaka mawili tu, yaache yakauke hadi kesho yake, kisha uling'oe gamba hilo la faiba na kuongeza matabaka mengine nje ya gari. Ikiwa kona ni pana ndani na nyembamba mdomoni, usiifuate yote, la sivyo gamba halitatoka.

Kwa uso wa mbele, kata pete ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18 inayotosha sabufa na uishikize kwenye gamba kwa vijiti vya mbao, ukiielekeza unakotaka. Vuta kitambaa cha flisi, kile laini chenye manyoya kinachovutika, juu ya pete na kingo za gamba kikaze bila makunyanzi, kipigilie stepla, kisha ukiloweshe resini. Kikikauka, kata tundu la sabufa, mimina mchele ndani na uupime kwa chupa ya lita moja. Hapo ndipo utakapojua ujazo halisi. Ondoa mchele huo, usiupike, kisha weka mkeka juu ya flisi mpaka unene utimie.

Kabla ya kupaka pati, yaani rojo zito la kusawazisha uso, subiri giza na uweke taa ndani. Faiba hupitisha mwanga, kwa hiyo sehemu nyembamba zitang'aa kuliko nyingine na vitundu vitaonekana kama nyota. Zizungushie alama kwa penseli. Changanya resini, hadina na pati hadi upate uji mzito, umimine ndani na kuzungusha boksi mpaka pande zote zifunikwe. Nje, paka pati na upige msasa namba 80, kisha 120 na 240 ikiwa utapaka rangi. Kwa kapeti, 80 yatosha.

Liache juani siku kadhaa harufu iishe. Lifunge kwa boliti kwenye chuma cha bodi baada ya kuangalia kuwa nyuma yake hakuna waya wala bomba la mafuta. Ukishafunga sabufa na kuziba kwa silikoni mahali waya zinapopita, sukuma koni, ule uso wa sabufa unaotikisika, polepole kwa vidole vilivyotawanyika, kisha uiachie: ikirudi taratibu, boksi limeziba, ikirudi ghafla, tafuta uvujaji, ukianzia pale waya zinapopita.