Gauni la kitenge la mtoto wa mwaka mmoja, lisilokwaruza ndani

Gauni la kwanza nililomshonea mtoto lilivaliwa kwa dakika ishirini. Mpwa wangu alikuwa anabatizwa, nami nilikuwa na miezi minne tu kwenye cherehani. Nililitia lesi shingoni, zipu mgongoni na marinda mengi kiunoni. Kwenye hanga lilipendeza mno. Kanisani mtoto alilia tangu wimbo wa kwanza. Dada yangu alipomtoa nje akamvua chini ya mwembe, tukaona alama nyekundu zimezunguka shingo na kwapa, pale pale ambapo lesi na ncha za mishono ziligusa ngozi. Akabatizwa akiwa na fulana. Gauni lile bado liko kwenye droo ya cherehani yangu, na kila anayekuja kujifunza kwangu namwonyesha likiwa limegeuzwa ndani nje.

Tangu siku ile, nguo ya mtoto naishona nikiwaza ndani kwanza. Hakuna ncha ya kitambaa iliyokatwa inayoachwa iguse kifua, mgongo wala kiuno. Huu mwongozo ni wa gauni lisilo na mikono, lenye bitana (kitambaa cha ndani) sehemu ya juu na marinda chini, la mtoto wa karibu mwaka mmoja. Hapa Kisumu sherehe ikikaribia, iwe ya mahari au ya ubatizo, familia hununua kitenge kimoja. Akina mama hushonewa kwanza na watoto husubiri mabaki. Basi mabaki yanatosha: robo tatu ya yadi inatoka gauni zima.

Kitambaa

Kitenge kingi sokoni kina upana wa inchi 45 hivi na huuzwa kwa yadi sita. Si chote ni pamba, hata kama muuzaji anaapa. Chomoa nyuzi chache pembeni, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha tone gumu. Katika joto letu la kando ya ziwa, mtoto aliyevalishwa poliesta hutoka vipele kabla wageni hawajaketi. Ikiwa kitenge cha familia ni poliesta na huna namna, kitumie, lakini bitana lazima iwe pamba tupu.

Bitana mimi huinunua soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwenye mafungu ya mashuka ya mtumba. Shuka la pamba lililofuliwa miaka mingi ni laini kuliko kitambaa chochote kipya unachoweza kununua kwa yadi. Chagua jeupe au la rangi hafifu, liinue juani uone kama kuna mahali palipochakaa, kisha ufue kwa maji ya moto.

Kitenge nacho kifue kabla ya kukata. Kikitoka dukani kina wanga unaokifanya kikakamae, na pamba hurudi kidogo ikioshwa. Rudia mpaka maji yatoke safi. Mtoto ananyonya ukingo wa nguo yake, na rangi inayotoka itaishia mdomoni. Kianike kivulini, kipige pasi upande wa ndani. Ukitumia pasi ya makaa kama mimi stima inapopotea, ikung'ute jivu nje kwanza na uijaribu kwenye kipande cha kutupa.

Vipimo

Mpime mtoto akiwa ameshiba na amebebwa. Unahitaji vipimo vinne: mzunguko wa kifua, bega hadi bega, bega hadi kiuno, na bega hadi unapotaka gauni liishie. Mtoto niliyemtumia hapa ana kifua inchi 19, bega hadi bega 8, bega hadi kiuno 7½, urefu wote 17. Wako akizidi, ongeza tofauti hiyo mahali panapohusika.

Pima na kichwa. Watu hushangaa, lakini kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kinakaribia kulingana na kifua chake, kama inchi 18. Shingo inayomkaa vizuri haiwezi kupita kichwani. Ndiyo maana gauni hili linafunguka mgongoni tangu shingoni hadi chini ya kiuno: unamvika kama koti, hakuna kuvutana.

Pateni

Chukua gazeti kuukuu uchore pateni, yaani umbo la kukatia kitambaa. Kifua 19, ongeza 3 za kupumulia, unapata 22. Gawa kwa nne, ni 5½. Ongeza ½ ya mshono wa ubavuni: 6. Chora mstatili wa upana wa inchi 6 na urefu 8½. Ukingo wa kushoto uandike "katikati".

Kutoka kona ya juu kushoto, pima inchi 2 kwenda kulia: hapo ndipo shingo inakutana na bega. Kwa shingo ya mbele shuka inchi 2¼ kwenye mstari wa katikati, kisha unganisha kwa mviringo. Shingo ya nyuma inashuka inchi 1 tu. Bega linafika inchi 4 kutoka katikati, nalo lishuke ½ kuelekea nje. Kwapa ni mviringo unaotoka ncha ya bega hadi ubavuni, inchi 4½ kutoka juu. Usilichimbe sana kwenda ndani upande wa nyuma, mtoto anainua mikono siku nzima.

Pateni ya nyuma ni hiyo hiyo yenye shingo ya juu zaidi, lakini ongeza inchi 1 nje ya mstari wa katikati, kutoka juu hadi chini. Nusu yake ni mshono, nusu ni ya kulaliana pa vifungo. Ukiisahau hiyo inchi, gauni halitafunga.

Kukata

Kata kwanza ukanda wa sketi: upana wote wa kitenge, kimo inchi 12½. Usikate zile kingo mbili za kitambaa zenye maandishi, zina kazi yake. Kwenye kitenge kilichobaki kunja na ukate kipande cha mbele, mstari wa katikati ukiwa kwenye kunjo, ua au duara likae katikati ya kifua. Halafu vipande viwili vya nyuma. Katika bitana rudia vipande hivyo hivyo vitatu. Mshono wa shingo na kwapa ni robo inchi. Kwingine kote nusu inchi.

Sehemu ya juu, ambapo kazi yote iko

Hapa usiharakishe. Tia sindano mpya, namba 14 kwa kitenge cha kawaida.

Shona mabega ya kitenge: mbele na nyuma mbili, nyuso za nje zikitazamana. Shona mabega ya bitana vivyo hivyo. Fungua mishono kwa pasi ilale bapa. Sasa una vitu viwili vinavyofanana, kama fulana mbili zilizopasuliwa mgongoni. Vilaze kimoja juu ya kingine, nyuso za nje zikitazamana, bega kwa bega, na uvibane kwa pini.

Anzia chini ya mgongo upande mmoja, panda kwa ½, geuka shingoni kwa ¼, zunguka, kisha shuka mgongo wa pili. Punguza pembe mbili za juu mgongoni. Kwenye mviringo wa shingo kata vipasuo vidogo kila nusu inchi, usiguse mshono. Sukuma mishono upande wa bitana na upige mstari mmoja juu ya bitana, karibu kabisa na mshono wa shingo, ufike pembeni kadiri mguu wa cherehani unavyoruhusu. Mstari huo hauonekani nje, lakini ndio unaozuia bitana kuchungulia. Wanafunzi wangu wengi huuruka, na shingo zao huwatambulisha.

Rudisha vitambaa vitazamane tena, shona kwapa zote mbili kwa ¼, kata vipasuo. Ubavuni na chini pabaki wazi.

Kugeuza ndiko kunakotisha. Ingiza mkono kati ya kitenge na bitana kutokea mbele, upite ndani ya bega, ukamate kipande cha nyuma, ukivute taratibu kipitie kwenye handaki la bega mpaka kitokee mbele. Njia ni nyembamba, kama inchi moja na nusu. Kikikwama, funga pini ya nepi kwenye pembe yake na uivute hiyo. Fanya na bega la pili. Ukimaliza, shingo, mgongo na kwapa vyote vimejifunga vyenyewe, na huoni ncha hata moja. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa hatua hii na fundi mzee wa soko la Jubilee niliomba airudie mara tatu.

Piga pasi. Kisha inua bitana pale kwapani, unganisha ubavu wa kitenge cha mbele na wa nyuma, ubavu wa bitana na wa bitana, mishono ya kwapa ikikutana sawasawa. Shona kwa mstari mmoja kutoka chini ya kitenge, upite kwapani, hadi chini ya bitana. Teremsha bitana ndani.

Sketi

Kutanisha zile kingo mbili za kitambaa na uzishone kwa ½, kuanzia inchi 3 chini ya kiuno hadi chini. Ukingo wa kiwandani hautoi nyuzi, kwa hiyo hauhitaji ovaloki (mshono wa mashine wa kufunga ncha) wala hauchomi mapaja. Kule juu palipobaki wazi, kunja kila upande ½ na uupige mstari.

Upindo wa chini: kunja ½, kisha kunja inchi 2, ushone kwa mkono kwa vishono vidogo. Inchi 2 zinaonekana nyingi, lakini mwakani utazifumua na gauni litamfaa tena.

Kwa marinda, piga mistari miwili ya mishono mirefu juu ya sketi, mmoja ¼ kutoka ukingoni na mwingine ¾. Vuta nyuzi za chini pamoja mpaka upana ulingane na kiuno. Kiuno chako sasa ni kama inchi 23, na sketi ilikuwa na 44 hivi, kwa hiyo marinda ni karibu mara mbili. Usiongeze kitambaa zaidi ya hapo. Mrundiko kiunoni humchosha mtoto anayekaa chini.

Kuunganisha

Bana sketi kwenye kitenge cha sehemu ya juu peke yake, bitana ukiiweka kando, miisho ya mgongo ikilingana. Shona kwa ½, katikati ya ile mistari miwili. Sukuma mshono uelekee juu. Fumua mstari wa marinda unaoonekana nje.

Sasa kunja ukingo wa bitana ½ kuelekea ndani, ulaze juu ya mshono wa marinda uufunike wote, na ushone kwa mkono ukizunguka kiuno. Ni nusu saa ya kazi. Mafundi wa haraka hupitisha cherehani tu au ovaloki, na ncha za namna hiyo ndizo zilizomliza mpwa wangu. Mimi hukaa mlangoni penye mwanga nikashona huu polepole, uzi mmoja, vishono visivyozidi robo inchi.

Pale mpasuo unapoishia kwenye sketi, laza upande mmoja juu ya mwingine na upige mishono michache ya kuvuka, cherehani iende na kurudi.

Vifungo

Vitatu bapa vyenye matundu manne, kwa sababu mtoto atalalia mgongo. Tundu la kifungo ukilishona kwa cherehani, lishone kabla ya kulikata. Kila kifungo kipite uzi mara sita, kisha kivute kwa nguvu zako zote. Kikitoka mkononi mwako, kingetoka mdomoni mwake. Shanga na vito vya kubandika siviweki kwenye nguo ya mtoto wa chini ya miaka mitatu, hata mama akisisitiza. Wala kamba shingoni. Ulaya wana kanuni inayozuia kamba za shingo kwenye nguo za watoto wa chini ya miaka 7, kwa sababu hunasa na kunyonga. Anayetaka urembo namshonea mkanda wa kiunoni, uliobanwa kwa uzi ubavuni, wa kufunga nyuma.

Kabla halijatoka nyumbani

Hesabu pini. Kopo langu lina 20. Zikirudi 19 gauni haliendi popote mpaka ile moja ipatikane. Sindano ikivunjika, tafuta vipande vyote.

Ligeuze ndani nje, funga macho, upitishe mgongo wa mkono kila mahali, maana kiganja cha fundi ni kigumu na hudanganya. Panapokwaruza, rekebisha.

Kisha mvike mtoto siku mbili kabla ya sherehe, mwache acheze robo saa. Mvue, utazame kwapa na shingo. Ngozi ikiwa haina alama, mvike tena umwite kutoka mbali. Akiinua mikono yote miwili kutaka kubebwa na gauni lisipande shingoni, lipige pasi na ulitundike.