Mbuai na windo katika hadithi ya mapenzi: hatua kwa hatua

Hapa mpenzi anayefuatilia anachorwa kwa mwendo wa mnyama mbuai, na anayefuatiliwa kwa mwendo wa windo. Vipimo vilivyomo humu ni vya hadithi fupi ya maneno 3,000 hivi.

1. Chagua jozi moja. Shujaa akiwa simba ukurasa wa pili, mwewe ukurasa wa tano na chatu mwishoni, msomaji habaki na kitu. Mchague mnyama kwa namna anavyowinda. Chui hunyatia mpaka awe hatua chache kutoka kwa windo, ndipo aruke. Anamfaa mpenzi msiri, mwenye subira. Duma hutimua mbio kali za mita mia chache, akikosa huacha, yuko hoi; huyo ni yule anayekuja kwa vishindo na kuchoka mapema. Fisi mwache. Mtaani ameshakuwa jina la mwanamume mroho wa wanawake, na kila utakachomvika kitasomwa hivyo.

2. Angalia mahali. Duma haishi Unguja. Chui alikuwepo, ila huko anahusishwa na imani kwamba wachawi humfuga. Ukimwingiza bila kulijua hilo, msomaji wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, atanusa uchawi pale ulipokusudia mahaba. Kwa hadithi ya mjini, paka na panya au mwewe na vifaranga wanatosha kabisa.

3. Lipe windo uwezo. Hapa ndipo hadithi nyingi huharibika. Windo likitetemeka tu tangu mwanzo hadi mwisho, ulichoandika ni vitisho, hata ukikiita mapenzi. Mtazame swala tomi: akimwona duma, wakati mwingine hurukaruka juu, miguu yote minne imekakamaa. Maelezo yanayokubalika sana ni kwamba anampa duma taarifa: nimeshakuona, na mbio ninazo. Swala pala naye akimbaini chui hukoroma kwa nguvu huku akimkazia macho, na chui aliyekwisha kuonekana aghalabu hukata tamaa. Mhusika wako anahitaji tendo la namna hiyo kabla hadithi haijafika nusu, lionyeshe kwamba anajua anaviziwa na kwamba kubaki ni hiari yake.

4. Ficha jina, tumia mwendo. Sentensi dhaifu: “Salim alimtazama Rehema kama chui anavyomtazama swala.” Linganisha na hii:

“Salim hakuingia dukani. Alisimama ng'ambo, kivulini mwa nguzo. Rehema akiinamia mzigo, alisogea nguzo moja. Akiinuka, alitulia tuli. Rehema aliendelea kukunja doti za vitenge. ‘Ukifika nguzo ya tatu,’ alisema bila kuinua macho, ‘uje na chenji kabisa, mimi sina.’”

Chui hajatajwa, lakini yupo: kivuli, kusogea windo linapoinama, kutulia linapoinuka. Maneno ya Rehema ndiyo mkoromo wa swala pala, na papo hapo Salim anapoteza maficho yake.

5. Gawa kwa kiasi. Kuugusia mwendo huo wa kuwinda mara tatu au nne kunatosha, na kila mara kitenzi kingine: kunyatia, kuvizia, kutega sikio, kukwepa. Ikizidi hapo, msomaji anaanza kuhesabu wanyama na kuwasahau wapenzi.

6. Geuza mambo karibu na neno la 2,000. Kosa la kawaida ni kumfanya Rehema awe chui ghafla, kucha na yote. Abaki swala, Salim ndiye aachie kivuli. Mlete dukani saa saba mchana, apite katikati ya barabara, mikono ikionekana, aseme shida yake mbele ya wateja. Hofu imehamia kwake bila mnyama yeyote kubadilishwa.

7. Kagua. Pitia rasimu ukifuta kila “kama” iliyofuatwa na jina la mnyama, kisha mpe mtu asiyeijua hadithi. Akishindwa kusema nani anamvizia nani, mwendo bado haujaandikwa. Rudi hatua ya 4. Akisema anamwonea Rehema huruma tangu mwanzo hadi mwisho, tatizo liko hatua ya 3.