Kabla ya kuchimba kokoto, pima visima vya majirani

Ukitaka kufungua machimbo ya kokoto huku Lugoba, mkoani Pwani, usianze na ahadi, anza na visima. Kiangazi kikikolea, nenda na mwenyekiti wa kitongoji. Shusha kamba yenye jiwe, sikiliza linapogusa maji, funga fundo usawa wa mdomo wa kisima, kisha pima kwa futi. Mwenye kisima asaini, abaki na nakala. Rudia masika. Bila vipimo hivyo, kisima kikikauka hakuna atakayekuamini, hata mimi. Shimo la machimbo liishie juu ya usawa wa maji ya visima hivyo.

Malori: turubai kila tripu, boza limwagie barabara, na wanafunzi wakiwa njiani lisipite hata moja. Yote yaandikwe kwenye tathmini ya mazingira inayokwenda NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, wanakijiji wapate pa kukubana.