Namna ya kutazama fainali ya kuogelea mita 200 kwa mtindo wa kipepeo

Usihangaike na anayeongoza mita 50 za kwanza. Mbio hizi huamuliwa baada ya mita 100, mikono inapoanza kuwa mizito. Mimi hukazia macho nyonga. Zikianza kuzama, mikono hairuki tena juu ya maji, inayakokota, na huyo kwisha habari yake.

Ukitaka kuona mtu asiyezama, tafuta video ya Kristóf Milák wa Hungaria, mashindano ya dunia ya Gwangju, 2019. Alimaliza kwa 1:50.73 na kuifuta rekodi ya Mmarekani Michael Phelps, 1:51.51, iliyodumu miaka 10. Jamani, mtazameni anavyopumua: kidevu kinakaribia kugusa maji!

Kila wanapogeuka, angalia nani anabaki chini ya maji. Mwisho unaoruhusiwa ni mita 15 kutoka ukutani.

Mguso wa mwisho urudie polepole. Olimpiki ya London 2012, Phelps aliongoza mpaka ukutani, kisha akajiachia ateleze badala ya kuvuta vizuri mara ya mwisho. Chad le Clos wa Afrika Kusini akaja kwa kasi, akagusa sekunde 0.05 mbele yake. Nyoosha kidole usimamishe video hapo hapo, uangalie mikono ya wote wawili.