Maji ya moto yanatoka kidogo? Kwa watu wa Dodoma wenye boila ya kombi Uingereza

Ukikulia Nkuhungu au Area C, presha ya maji ni urefu wa mnara wa simtanki. Mita 10 za urefu hutoa takribani bar 1, kwa hiyo tanki lililo mita 3 juu linakupa bar 0.3, na watu wanaoga. Boila ya kombi haina tanki la maji ya kuoga. Maji ya bomba la mtaani huingia, hupata moto yakiwa njiani, yakatokea bafuni.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni maji baridi. Fungua bomba la jikoni, baridi kwanza, kisha moto. Yote mawili yakiwa dhaifu, usiilaumu boila: tazama koki kuu, mara nyingi iko chini ya sinki, huenda haikufunguliwa yote. Kisha muulize jirani. Naye akilalamika, pigia kampuni ya maji.

Baridi ikiwa na nguvu na moto ukiwa dhaifu kwenye bomba moja tu, fungua kichujio cha mdomoni mwa bomba ukiloweke kwenye siki. Udhaifu ukiwa nyumba nzima, tatizo liko kwenye boila au mabomba yake: vali iliyofungwa nusu, chujio la kuingilia lililoziba, au chokaa kwenye sahani zinazopasha maji. Aliyetumia maji ya visima ya Dodoma anaujua ule ukoko mweupe wa ndani ya birika. London na kusini mashariki maji ni magumu vilevile, na ukoko huo hujenga ndani ya boila usikouona.

Lakini pima kabla ya kumwita fundi. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la moto, washa saa ya simu. Boila ya kilowati 24 hupandisha joto kwa nyuzi 35 kwa lita 10 hivi kwa dakika. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, boila ni nzima. Ndio uwezo wake. Mmoja akioga na mwingine akiosha vyombo wanagawana lita hizo hizo. Wakati wa baridi maji huingia yakiwa baridi zaidi, hivyo punguza bomba kidogo upate moto wa kutosha.

Ile geji ya boila inawapoteza wengi. Inaonyesha presha ya maji ya rejeta, yale mapaneli ya ukutani yanayopasha vyumba joto, kawaida bar 1 hadi 1.5, si ya bafuni. Ukiijaza ukidhani utaoga vizuri, ikikaribia bar 3 vali ya usalama itamwaga maji nje.

Kifuniko cha boila usikifungue, wala usimpe binamu anayejua umeme. Kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, mwombe kitambulisho. Mpangaji, mwandikie mwenye nyumba: kwa England, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 inamtaka atengeneze mitambo ya kupasha maji, kwa upangaji wa kawaida wa muda mfupi.

Na wewe unayewaza kupakia kombi kwenye kontena kwa nyumba unayojenga Iyumbu, acha. Dodoma hakuna gesi ya bomba majumbani, na simtanki ya mita 3 ni dhaifu mno kwa boila nyingi. Nunua hita ya jua, na tanki lake likae chini ya simtanki.