Majongoo wamejaa ndani masika hii? Fanya hivi kabla hujaita mtu wa dawa

Mi kazi yangu kupiga dawa za wadudu majumbani hapa Dar, na masika ikianza tu simu zote ni majongoo, wako barazani, wamepanda ukutani, mwingine kamkuta kwenye kiatu. Nikifika mara nyingi pampu hata siishushi. Jongoo haishi ndani kwako, anaishi huko nje kwenye majani yanayooza, udongo ukijaa maji anakimbia kutafuta nafuu, akiingia sebuleni kwenye ukavu anajifia mwenyewe baada ya siku moja mbili. Ukipiga dawa leo kesho wanakuja wengine na hela imeshaenda.

Kwanza angalia kama ni jongoo kweli, sio tandu. Jongoo ni wa duara, ukimgusa anajikunja. Tandu ni bapa, ana mbio, na anauma vibaya, huyo usimchezee.

Pili, wafagie na chelewa kwenye kizoleo ukawatupe mbali na nyumba. Usiwakanyage wala kuwashika mkono mtupu, wanatoa majimaji yanayoacha doa la kahawia kwenye ngozi, na yakiingia jichoni yanawasha balaa, osha na maji mengi alafu wahi hospitali. Watoto waambie, maana wanapenda kuwachokoa.

Tatu, hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Shika reki uzunguke nyumba, kama mita moja toka ukutani pasibaki majani, matofali yaliyopangwa, mbao wala mabati chakavu. Kuna nyumba walikuwa wanasingizia choo wee, kumbe nyuma ya jiko kuna lundo la makuti toka enzi za ujenzi, nikaliinua, chini nyeusi tii, majongoo tupu! Tukaliondoa, wakapungua. Alafu chimba kamfereji maji ya bati yasisimame kwenye msingi.

Nne, ziba: mpira chini ya mlango, simenti kwenye nyufa, wavu kwenye tundu la maji bafuni.

Majivu mlangoni yanasaidia yakiwa makavu, mvua ikipiga ni tope tu. Mafuta ya taa usimwage kabisa, una watoto na moto humo ndani.

Ukimaliza yote na bado wanaingia kwa makundi, hapo sasa niite nipulize kizingitini na kwenye msingi kwa nje, sio chini ya kitanda kama wengine wanavyoning'ang'aniza.